Kikombe cha kahawa, Toledo

Wamarekani wana msemo wao kwa mchezaji wa besiboli aliyepandishwa ligi kuu, akacheza siku mbili tatu, akarudishwa alikotoka: alikuja kunywa kikombe cha kahawa. Mara ya kwanza kuusikia nilicheka peke yangu. Kwetu Tanga hakuna kitu kirefu kama kahawa. Mnakaa alasiri, muuza kahawa anagonganisha vikombe, kashata inazunguka, na adhana ya magharibi inawakuta bado mnabishania penalti iliyopigwa kabla hujazaliwa. Huku kahawa inanywewa garini, mkono mmoja umeshika usukani.

Huu ni mwaka wangu wa 8 Ohio, na besiboli nimeletewa nyumbani na mwanangu. Kocha kamfanya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kinyago cha chuma usoni. Nilinuna. Utotoni kwetu asiyejua mpira ndiye aliyesukumiwa golini, na golini nilikaa mimi. Ikabidi nieleweshwe: wenzake wanane wanatazama kwake, yeye peke yake ndiye anayewatazama wote. Vidole anavyovificha mapajani ndivyo vinavyomwambia mrushaji arushe nini. Siku hizi nasimama nyuma ya wavu nikijaribu kuvisoma: kimoja, mpira wa kasi, viwili, unaopinda. Akitoka mazoezini analalamikia magoti kama babu yake.

Sasa niwasimulie habari za mdakaji mwingine wa jimbo hilihili. Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi aliyesoma vyuo vya Oberlin na Michigan, aliidakia timu ya Toledo Blue Stockings mwaka 1884, ilipokuwa ligi kuu. Alicheza mechi 42, basi. Mdogo wake Welday naye aliingia mwaka huohuo, mechi 5. Baada ya hao ndugu wawili, ligi kuu haikumchukua mchezaji mweusi aliyejulikana kuwa mweusi mpaka Jackie Robinson, 1947.

Nikipiga simu nyumbani naambiwa, wenzetu huko kila kitu kiko kwenye karatasi, ndiyo maana wameendelea. Na mimi niliuimba wimbo huo miaka mingi. Ukitaka kujua Walker alianza lini, jibu lipo: 1 Mei 1884, Louisville. Wastani wake wa kupiga upo pia, .263, yaani alifanikiwa mara 26 hivi katika kila 100. Mjomba wangu alidakia timu ya wilaya misimu miwili, na hakuna hata karatasi ya kufungia karanga yenye jina lake.

Lakini hebu itazameni vizuri hiyo karatasi. Mrushaji wa Toledo, Tony Mullane, alikuja kukiri baadaye kwamba hakupata kufanya kazi na mdakaji bora kuliko Walker, ila kwa kuwa hakuwapenda weusi hakuzifuata ishara zake, alirusha alichojisikia. Chukua nafasi ya Walker. Enzi zile glavu ya maana haikuwepo. Umeomba unaopinda, unakujia wa kasi. Ukikuponyoka, takwimu zinakuandikia wewe mdakaji, mrushaji hana doa. Mipira iliyompita Walker ilihesabiwa. Ishara zake zilizopuuzwa, nani alizihesabu?

Halafu lile lenyewe. Amri ya kuwafungia weusi mlango wa ligi kuu kwa miaka 60 na zaidi haikuandikwa kwenye kanuni za ligi. Yalikuwa maelewano ya mdomo baina ya wenye timu. Nchi inayoandika mpaka mpira uliotoka nje, hilo ikaliacha mdomoni! Na mwanzo wake ulionekana hapahapa Toledo, 1883, nahodha wa Chicago, Cap Anson, alipogoma kucheza na timu yenye Walker. Alipoambiwa atakosa mgao wa kiingilio, akacheza.

Sisemi tusiandike. Natamani timu zetu za wilaya ziwe na daftari moja tu, lenye hata waliokaa benchi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba palipo na daftari pana haki.

Walker mwenyewe alichoka. Mwaka 1908 alitoa kijitabu akiwahimiza weusi wa Marekani wahamie Afrika, yeye mzaliwa wa Ohio. Nililisoma jambo hilo wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku ghalani, mimi niliyekata tiketi ya kuja huku anakotaka watu watoke. Nikafunga simu, nikarudi kubeba maboksi.

Jumapili nikampigia mjomba. Shikamoo, marahaba, kisha nikamuuliza alidaka mechi ngapi.

"Nani alikuwa anahesabu, bwana mjomba?"

Badala yake akanipa penalti ya Korogwe, dakika 20 nzima, alivyosoma bega la mpigaji, alivyoruka kushoto, alivyoupangua kwa ncha za vidole. Nyuma yake vikombe vinagongana. Mara nikasikia mzee mwingine akidakia: "Mwongo huyo! Mpira uligonga mwamba!"