Turudishieni Ngoma za Watoto

Jumamosi nimetoka kwenye mkutano wa wazazi na hasira, nikasema nikae nazo siku mbili tatu zitapoa. Leo Jumatano hazijapoa. Chekechea tunayosomeshea watoto huku kwetu Bagamoyo wametutangazia kwamba kipindi cha ngoma na nyimbo kimefutwa. Kilikuwa nusu saa tu kwa siku, baada ya uji, sasa hiyo nusu saa inaenda kwenye Kiingereza cha ziada. Wazazi wengi wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akasema kama ni muziki basi mwalimu awawekee Mozart, yule mtunzi wa muziki wa Ulaya wa zamani, kwenye spika wakati wanaandika, maana imethibitishwa unaongeza akili, na watu wakaitikia ndiyo ndiyo.

Nilinyoosha mkono nikapewa dakika moja. Haikutosha, ndiyo maana nimekuja huku.

Ya Mozart nayamaliza haraka. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo, yaani watu wazima, muziki wa Mozart kwa dakika 10, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya maumbo, na faida yenyewe ikaisha ndani ya robo saa. Mtoto hakuwepo hata mmoja. Lakini habari ikatembea mpaka 1998 gavana wa Georgia kule Marekani akaomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa aina hiyo, na mpaka leo bado inatembea kwenye magrupu yetu ya WhatsApp.

Sasa kuna tafiti zilizofanywa kwa watoto wenyewe, na hizo hakuna anayezituma kwenye grupu. Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, kule Leipzig Ujerumani, waliwachukua watoto 96 wa miaka minne wakawachezesha wawili wawili, mchezo wa bwawa na vyura. Kundi moja walicheza huku wanaimba na kugonga vyura wa mbao kwa mdundo mmoja, kundi lingine mchezo ule ule na hadithi ile ile ila bila kuimba wala kugonga. Baadaye kila mtoto akapewa chombo chenye gololi, cha mmoja kimetegwa kifunguke gololi zimwagike. Wale walioimba pamoja ndio walioacha zao na kwenda kumsaidia mwenzao zaidi kuliko wale wa kundi la pili. Mtoto wa miaka minne anaacha gololi zake jamani! Aliyelea mtoto wa miaka minne anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Kuna nyingine ndiyo ilinikaa kabisa moyoni. Laura Cirelli na wenzake, Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, 2014. Watoto wa miezi 14 wanabebwa kifuani, muziki unapigwa, anayewabeba anawachezesha juu chini, na mbele yao amesimama mama mwingine naye anacheza, ama sawasawa na mtoto ama nje ya mdundo. Baadaye yule mama anaanika vitambaa, vibanio vinamdondoka kama bahati mbaya. Watoto waliochezeshwa sawa na yeye waliviokota na kumpa zaidi. Miezi 14, hata kuongea bado.

Niliposoma hiyo nilimkumbuka bibi yangu. Mdundiko ukipita mtaani bibi alikuwa anamfunga mtoto wa mtu mgongoni kwa kanga, wala hakuuliza wa nani, anatoka naye kufuata ngoma na wenzake, na kila mama aliye mbele anacheza mguu ule ule, na mtoto yuko pale katikati anarushwa juu chini na mdundo wa mtaa mzima. Tuliona ni bibi anapenda ngoma. Mimi sasa hivi naona alikuwa anamtambulisha yule mtoto kwa watu wake, mwili wake ukijifunza kwamba hawa wanaotikisika pamoja na mimi ni wangu, kabla hajajua jina la hata mmoja.

Na mtoto anazaliwa keshajiandaa. Hungary 2009 walipima umeme wa ubongo wa watoto wa siku 2 au 3, wamelala usingizi, wakawapigia mdundo wa ngoma. Pigo zito la mwanzo likirukwa, ubongo unashtuka, kumaanisha ulikuwa unalisubiri. Siku mbili duniani na anasubiri pigo, halafu akifika miaka minne sisi tunamwambia akae kimya aandike.

Naandika kwa uchungu kwa sababu ya mtoto wa mdogo wangu, anayeniita mama mkubwa na mimi namwita mwanangu. Alikuja kwangu ana miaka mitano, nyumbani kwao kulikuwa na mambo ambayo siyasemi hapa. Hakuwa bubu, ila watoto wenzake hakuwataka, ukimpeleka nje anakaa kwenye kizingiti anakuangalia wewe. Nyuma ya nyumba yetu kuna kundi la watoto wanapiga madumu na ndoo kila jioni, wameiga kaka zao wa chuo cha sanaa. Alikaa kuwatazama kama wiki mbili. Siku moja mmoja wao, mkubwa kidogo, akamtupia kopo la maziwa na kijiti, hakumwambia kitu. Akaanza kugonga, nje ya mdundo, hakuna aliyemcheka, wakapunguza mwendo mpaka akaingia. Nilikuwa napembua mchele dirishani nikauacha. Kilichonishangaza si kugonga, ni kunyamaza, kwa sababu ilipofika zamu ya mwenzake alisimamisha kijiti hewani akamwangalia usoni, akangoja, na alipoitikiwa akaingia. Mtoto aliyekuwa hamwangalii mtu usoni! Jioni ile alinitajia jina la rafiki kwa mara ya kwanza tangu afike kwangu. Sisemi kopo la maziwa limemponya, kuna siku bado ngumu, na mapenzi ya nyumba na muda vimefanya yao. Ila nililoliona nimeliona.

Hivyo ndivyo ngoma inavyofundisha. Huwezi kuipiga ngoma ya watu watatu bila kumsikiliza wa pili na kumngoja wa tatu, ukikosea wote wanasikia na wote wanakusubiri urudi. Spika haikungoji, inaendelea na mambo yake.

Haya, na mimi nikubali yangu. Kiingereza kinahitajika, sikatai, wakifika sekondari ndicho watakachofundishiwa na asiyekijua anateseka. Na wanaosema muziki unapandisha maksi za hesabu wanatia chumvi, tafiti zilizopima hilo vizuri hazikukuta kikubwa. Hata ule utafiti wa Los Angeles ulioanza 2012, wa Chuo Kikuu cha Southern California chini ya Hanna na Antonio Damasio na Assal Habibi, watoto walikuwa 37 tu, 13 wa okestra, 11 wa mpira na 13 ambao hawakuwa na programu maalumu, na hawakugawanywa kwa kura. Kilichoonekana baada ya miaka miwili ni kwamba ubongo wa watoto wa okestra ulikuwa umekomaa haraka zaidi katika kushughulikia sauti. Ila wale watoto wa okestra, wa familia za kipato cha chini, walikuwa wanapiga muziki mpaka saa 7 kwa wiki, pamoja, kwa mikono yao. Sisi tumenyang'anywa saa mbili na nusu.

Tena tumenyang'anywa Bagamoyo! Mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, watu wanapanda ndege kuja kujifunza ngoma zetu, mji alioishi mwanamuziki mzee Hukwe Zawose na zeze na ilimba yake. Kule Montreal 2011 kina Valorie Salimpoor waliwaambia watu walete muziki wao wenyewe, ule unaowasimamisha nywele, ndipo wakaona ubongo unamwaga dopamini, ile kemikali ya raha, mara ya kwanza wakati mtu anaungoja ule utamu ufike na mara ya pili ulipofika. Muziki wao wenyewe. Mwanangu nywele zinamsimama akisikia dufu la maulidi, nimemshika mkono nikaziona.

Jana nimerudi shuleni peke yangu. Ngoma tatu za kile kipindi ziko stoo, chini ya madawati mabovu, moja ngozi imeanza kulegea. Nimeomba nikazianike juani angalau. Mwalimu mkuu amesema ufunguo ana mtu mwingine, nije Ijumaa. Wazazi wenzangu mnaosoma hapa, Ijumaa saa mbili asubuhi, naomba nisiwe peke yangu.