Boila zote? Si rahisi hivyo

Hapo mnaposema pampu za joto (mashine za stima zinazochota joto la chini na kulipandisha) zitastaafisha kila boila kiwandani, mimi ninakubali nusu tu. Nimelisha boila miaka minane katika kiwanda cha maziwa hapa Industrial Area, Nairobi. Maziwa hupashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, basi, lakini tulichoma kuni kutwa kutengeneza mvuke wa nyuzi 160. Na upande wa pili wa ukuta huohuo, kompresa za chumba cha baridi zilikuwa zikitupa joto nje bure. Ukipita nyuma yake shati linalowa. Joto hilo ndilo pampu ingelichota na kulipandisha: uniti moja ya stima inakupa hata tatu za joto. Ila kadiri unavyotaka lipande juu, ndivyo faida inavyopungua, na ukivuka nyuzi 150 hivi mashine za kununua ni za kuhesabu. Klinka ya saruji (yale madonge yanayosagwa kuwa saruji) kule Athi River huiva kwenye nyuzi 1,450, hapo pampu usiitaje. Stima yetu Kenya nyingi ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo, kwa hiyo moshi ungepungua kweli, lakini mwenye kiwanda analinganisha bili na lori la kuni (na stima ikipotea usiku wa manane, maziwa hayangoji). Kuna mwenzangu hapa ambaye kiwandani kwao wameunganisha mitambo ya baridi na maji moto? Pesa zilirudi baada ya muda gani?