Pesa za serikali na ng'ombe wa nyama: zielekezwe wapi?

Mnadani Bissil, kwenye barabara ya kwenda Namanga, ng'ombe hupimwa kwa macho na vidole. Dalali humzunguka, humshika nundu, huvuta ngozi ya mbavuni, kisha hutaja bei. Mfugaji aliyetembea naye tangu alfajiri hana mzani wa kumbishia. Ng'ombe huyo huyo akishachinjwa Kiserian au Dagoretti, kila kipande chake kitauzwa kwa kilo: kwa mwenye bucha, kwa mwenye hoteli, kwa mama anayenunua robo kilo Kawangware. Anayeuza bila kujua uzani ni yule tu aliyemlea.

Naanzia hapo kwa sababu kila tunapojadili Nairobi jinsi serikali inavyoweza kuinua ufugaji wa ng'ombe wa nyama, mazungumzo hukimbilia vichinjio vipya, mitambo ya kugandisha nyama na masoko ya ng'ambo. Mnada husahaulika.

Wanaotaka serikali iingie kwa nguvu wana hoja nzito. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na huko mifugo ndiyo akiba, karo na mahari. Ukame ulioanza 2020, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni 2. Hakuna mfanyabiashara atakayepeleka lori North Horr, kule Marsabit, kufuata ng'ombe waliobaki mifupa. Anayejitokeza ni serikali na mashirika ya misaada, kwa ununuzi wa dharura. Tena wafugaji wa Umoja wa Ulaya hulipwa ruzuku kila mwaka. Kumwambia mfugaji wa Marsabit ajitegemee, halafu tumlaumu kwamba hawezi kushindana, ni kumwonea.

Wanaopinga hutuelekeza Athi River. Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, yenye kiwanda cha nyama cha serikali huko, iliundwa 1950, ikaporomoka miaka ya 1990, ikafunguliwa tena 2006, na 2020 ikakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Pesa za umma zimeingia humo mara kwa mara, na malalamiko ya wafugaji kucheleweshewa malipo yamekuwa yakirudi. Hapa ndipo mtu wa mjini hushindwa kuelewa kwa nini mfugaji, akijua kabisa kwamba dalali atampunja, bado humwendea. Dalali hulipa leo. Mtoto akiwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, shilingi chache za mkononi zina thamani kuliko nyingi za baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo kiwanda cha serikali kisicholipa papo hapo, hata kikiwa na mitambo mizuri namna gani, hakimwondoi dalali mnadani.

Nakubaliana na wapinzani hao kuhusu viwanda. Tunapotofautiana ni pale wanaposema serikali ijitoe kabisa, kwa sababu kuna kazi ambayo soko haliwezi kuifanya: magonjwa.

Hapa Muguga, kilomita chache kutoka jijini, ndipo daktari wa mifugo Walter Plowright na watafiti wenzake walipotengeneza chanjo iliyosaidia kuimaliza sotoka ya ng'ombe. Kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilipatikana Kenya mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa haina tena ugonjwa huo. Kazi hiyo isingefanywa na kampuni inayotafuta faida, kwa kuwa faida ya chanjo haibaki kwa aliyelipa tu: jirani yangu akichanja nami nisichanje, ng'ombe wake na wangu wanakunywa kisima kimoja.

Ugonjwa wa miguu na midomo ni mgumu zaidi. Virusi vyake ni vya aina kadhaa, chanjo ya aina moja haikingi nyingine, na kinga haidumu, hivyo ni lazima kurudia. Ukizuka, karantini hutangazwa na minada hufungwa. Mwenye ng'ombe wazima naye hana pa kuwauza. Ugonjwa huu pia ni sababu kubwa ya masoko yanayolipa vizuri kutufungia mlango. Botswana iliingia soko la Ulaya kwa kugawa nchi kwa nyua ndefu za kutenganisha mifugo na wanyamapori, na wanyamapori waliozuiwa kufikia maji walikufa kwa wingi. Sisi ambao ng'ombe wetu hulisha pamoja na nyumbu hatuwezi kuiga njia hiyo, na sidhani tunapaswa kutaka.

Mwishoni mwa 2024 serikali ilitangaza kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50. Upinzani ulikuwa mkali, na haukuwa ujinga kama wengine walivyoudharau. Watu waliuliza dawa imetoka wapi na nani atalipa ng'ombe wakifa. Ni maswali ya mtu ambaye mali yake yote imesimama zizini. Kasoro niliyoiona ni kwamba tangazo lilitangulia maelezo. Tangu ugatuzi wa 2013, huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, na mtu ambaye mfugaji angemwamini ni daktari wa mifugo wa wadi yake. Katika maeneo mengi huyo hayupo, au yupo bila pikipiki wala friji ya chanjo. Ugonjwa unavuka kutoka Kajiado hadi Narok bila kibali, lakini bajeti ya kuukabili huishia mpakani.

Bima ya mifugo, iliyoanza kupata msaada wa serikali mwaka 2015 na inayotumia setilaiti kuona malisho yanavyonyauka, nayo inafaa ruzuku. Hulipa mapema, ng'ombe akiwa bado na nguvu ya kula nyasi utakazomnunulia.

Kwa hiyo bajeti ijayo ya mifugo nitaisoma nikitafuta mambo matatu: mshahara wa madaktari wa mifugo wa wadi, chanjo ya kurudia mwaka wa pili na wa tatu, na mizani kwenye minada kama Bissil, ya chuma, yenye ubao wa bei za Nairobi za wiki hiyo. Mzani mmoja ni senti kidogo ukilinganisha na kichinjio kipya, na mfugaji ataanza kuutumia siku hiyo hiyo utakapowekwa.