"Iel", "hen" na "yeye"

"Daktari alifika usiku. Alikuwa amechoka." Kwa Kiswahili, kazi imekwisha. Anayetafsiri kwenda Kifaransa hukwama kwenye sentensi ya pili: aandike *il*, daktari awe mwanamume, au *elle*, awe mwanamke? Hata neno "amechoka" litabadilika tahajia kumfuata daktari huyo.

Ndiyo maana ugomvi uliozuka Ufaransa mwaka 2021 haukunishangaza. Kamusi ya Le Robert iliingiza kwenye toleo lake la mtandaoni kiwakilishi *iel*, kilichoungwa kutokana na *il* na *elle*, kwa mtu wa jinsia yoyote. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Jean-Michel Blanquer, alilipinga. Brigitte Macron, mke wa Rais Emmanuel Macron, akasema viwakilishi viwili vinatosha. Wenye kamusi walijibu kwamba kazi yao ni kurekodi maneno yanayotumika, hata yakitumika kwa nadra.

Wanaotetea *iel* wana hoja nzito. Mtoto wa Kifaransa hufundishwa shuleni kwamba jinsia ya kiume huishinda ya kike: wanawake tisini na tisa wakiingia ukumbini na mwanamume mmoja, wote wanakuwa *ils*, yaani "wao" wa kiume. Na yupo mtu ambaye *il* na *elle* zote mbili humuumiza. Kumnyima neno la kujitaja si jambo dogo.

Wapinzani nao wasipuuzwe. Kifaransa hakiishii kwenye kiwakilishi. Ukishasema *iel*, kivumishi kinachofuata bado kinadai jinsia: mwenye furaha ni *content* (wa kiume) au *contente* (wa kike)? Vitone vinavyowekwa katikati ya maneno ili kubeba jinsia zote mbili vinamchosha anayejifunza kusoma, na havisomeki kwa sauti. Hapo nawaelewa. Ninapoachana nao ni pale Académie française, taasisi inayosimamia lugha ya Kifaransa, ilipoyaita maandishi ya namna hiyo "hatari ya mauti" mwaka 2017, na Seneti ilipopiga kura mwaka 2023 kutaka yapigwe marufuku katika nyaraka rasmi. Lugha iliyomeza maneno ya Kiarabu na Kiingereza haiuawi na herufi tatu.

Sweden ilipita njia nyepesi zaidi. *Hen*, kiwakilishi cha Kiswidi kisichotaja jinsia, lilipendekezwa tangu miaka ya 1960, likazua mjadala mkali mwaka 2012, na mwaka 2015 likaingia kwenye orodha ya maneno ya Akademia ya Sweden. Sarufi ilisaidia: kivumishi cha Kiswidi hakimfuati mtu kwa uke na uume kama cha Kifaransa.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna ushahidi wa kuzipa pande zote mbili. "Yeye" hana jinsia, na hakuna aliyewahi kushindwa kuelewana kwa sababu hiyo. Hofu ya wapinzani imepitiliza. Lakini mwanamume kwetu huoa, mwanamke huolewa, na kitenzi kinamweka kila mmoja mahali pake bila msaada wa kiwakilishi. Anayetarajia *iel* ilete usawa nyumbani na kazini atasubiri sana. Inachoweza kuleta ni heshima kwa anayeitwa hivyo, na hiyo kwangu inatosha kuitetea.

Linalobaki gumu ni lile la *content* na *contente*. Wanasarufi wa Académie wana ujuzi wa kulifanyia kazi, na ningependa kuona nguvu zao zikielekea huko.