Bima inaniuliza nani ananifulia

Juzi nimepokea fomu kutoka kampuni yangu ya bima, nikakaa nayo jikoni hata koti sijavua. Inauliza: kabla ya ajali ulikuwa unapika saa ngapi kwa wiki? Unafua saa ngapi? Kuosha vyombo, kudeki, kuzoa theluji mlangoni? Na sasa hivi anayekufanyia ni nani, unamlipa kiasi gani? Kila kazi ina mstari wake.

Mwezi wa pili niligongwa kwa nyuma nikiwa nimesimama kwenye taa, hapa Brooklyn Park, Minnesota, natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Barabara ilikuwa barafu tupu. Gari lilitengenezeka, shingo na bega ndivyo vinavyonisumbua mpaka leo. Mkono wa kulia haufiki kwenye kabati la vikombe. Kwa hiyo kuna binti wa Kikongo anakuja kila Jumamosi, anafua, anadeki, ananiandikia risiti, na bima inanirudishia hiyo hela.

Jimbo hili lina sheria, tangu 1975, kwamba ukiumia kwenye gari bima yako mwenyewe inaanza kulipa bila kusubiri ijulikane mkosaji ni nani. Kima cha chini ni dola 20,000 za matibabu, na dola 20,000 nyingine za mshahara uliokosa na mambo kama haya ya nyumbani. Mshahara wanafidia asilimia 85, usizidi dola 500 kwa wiki. Kazi za nyumbani ni mpaka dola 200 kwa wiki, kuanzia siku ya nane. Na kama wewe ni mama wa nyumbani, kazi yako ya kila siku ni kulea na kutunza nyumba, ukiumia wanahesabu thamani ya kazi hiyo hiyo. Hapo ndipo nilipokwama na kalamu mkononi.

Najua mtakachosema. Dada kafika Marekani, sasa kila kitu cha nyumbani kibaya. Nisikilizeni kwanza. Sijasema huku ni peponi. Siku ya pili baada ya ajali, bado nimelewa dawa za maumivu, afisa madai wa bima ya yule aliyenigonga alinipigia, sauti laini kama ya shangazi, anaomba anirekodi nikieleza kilichotokea. Nilikataa. Wiki iliyofuata akaleta hundi ndogo na karatasi ya kusaini kwamba sitadai tena maisha yangu yote. Bega halijapigwa hata picha! Na hawa wangu wanaonitumia fomu nzuri wameshanipangia tarehe ya kuonana na daktari wao, waliyemchagua wao na wanamlipa wao. Wenzangu kazini wananiambia daktari huyo akishaandika umepona, malipo yanakatwa hata kama unalala umekaa. Nimelia kwa ajili ya hawa watu, sitaficha.

Lakini hata wakinikatia, najua pa kwenda. Madai yasiyozidi dola 10,000 ni lazima yapelekwe kwa msuluhishi, na kumshtaki aliyenigonga nina miaka sita. Nina namba ya dai, nikiitaja, faili linafunguka na mtu ananijibu.

Kaka yangu hakuwahi kujibiwa.

Kaka ni mchomeleaji, Morogoro, pale karibu na Msamvu. Mwaka 2017 daladala lilimfuata pembeni kabisa mwa barabara likamvunja paja. Stika ya bima ilikuwa kwenye kioo, hai, trafiki mwenyewe aliiandika. Dereva akapelekwa mahakamani, akakiri, akalipa faini, kesho yake akarudi barabarani. Kaka akabaki na vyuma mguuni na mfuko wa rambo wenye makaratasi: PF3 ya polisi, ramani ya ajali, risiti za hospitali, barua ya daktari. Kampuni ya bima wakataka nakala ya hukumu. Akaipata baada ya miezi saba, kwa magongo, kwa kupanda na kushuka ngazi. Alipoipeleka, afisa aliyekuwa na faili kahamishwa. Njoo Jumatatu. Njoo mwisho wa mwezi. Jalada liko Dar. Miaka mitatu ya kufungua shauri la madai ikapita akiwa bado anaambiwa arudi, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna saa inayohesabu.

Hapo mtu ataniambia nchi yetu bado changa, tusijilinganishe na Marekani. Mimi sidai kaka alipiwe mtu wa kumfulia. Nadai kile ambacho kilishauzwa. Mwenye daladala alilipa bima yake, kama mimi nilivyokuwa nalipa Sh118,000 ya bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, kwa kagari kangu kila mwaka. Ukituuliza tunakata bima ya nini, wote tunajibu: trafiki. Enzi zile stika ikionekana kwenye kioo, ulikuwa unapita. Wakati Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, inalazimisha bima hiyo kwa sababu moja tu, mtu wa tatu atakayekufa au kuumizwa na gari lako. Kaka yangu ndiye mtu wa tatu. Ile hela ililipwa kwa ajili ya paja lake.

Mwingine ataniambia sisi tuna utu, huku nina fomu. Hilo linaniuma maana ni kweli na naringia. Kundi la michango lilifunguliwa usiku ule ule. Wachomeleaji wenzake walifunga kazi siku mbili wakalala nje ya wodi. Mama wa vitumbua alitoa elfu mbili, na namjua, elfu mbili kwake ni mtaji. Huku nilipogongwa, majirani zangu wa ghorofa hiyo hiyo hawakujua; walioniletea uji ni Watanzania wenzangu, wakiendesha dakika arobaini kwenye theluji. Utu wetu siubadilishi na kitu. Lakini elfu mbili ya mama wa vitumbua ililipa deni la kampuni yenye ghorofa na viyoyozi, na kila tunapojisifu kwa kuchangishana, kampuni ile inapumua. Tumezoea mno kubebana mpaka hatuulizi mzigo ni wa nani.

Na msiniambie nirudi nikabadilishe mimi. Nimeshamwandikia kaka barua ya malalamiko kwa msuluhishi wa migogoro ya bima huko Tanzania, ukurasa kwa ukurasa, nikiwa na bega hili hili. Imechelewa, pengine haitasaidia. Imekwenda.

Jana niliwapigia kwa video nikawaonyesha ile fomu. Kaka akaniambia nisogeze simu aone vizuri. Akasoma mstari wa kufua, akasoma wa kupika, akamwita mkewe. Miezi kumi na moja wifi yangu alimgeuza kitandani, akamwogesha, akafua mashuka kwa mkono, akaacha genge lake likafa, na hakuna karatasi hata moja kwenye ule mfuko wa rambo yenye jina lake.

Nikamuuliza, wifi, wewe ungeandika saa ngapi hapo?

Akafikiri. Akasema, "Saa zipi tena wifi? Nilikuwa sijui kumekucha au kumekuchwa."