Nani Ametukalisha?

Jengo ninalofanyia kazi lina lifti mbili mbele kabisa, zenye vioo na taa nyeupe. Ngazi zipo pia. Ukizitaka, zunguka nyuma ya mapokezi, sukuma mlango mzito wa chuma, kisha pita kwa uangalifu penye ndoo na mafagio ya wasafishaji. Balbu ya ghorofa ya pili imeungua. Kila mwaka tunaitwa kwenye semina ya afya, na mtoa mada anatusihi tuache uvivu.

Neno hilo, uvivu, ndilo linalonikera.

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani, takriban bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha chini cha kuushughulisha mwili mwaka 2022. Mwaka 2010 walikuwa kama asilimia 26. Ukishikilia maelezo ya uvivu, inabidi ukubali kwamba binadamu wamezidi kuwa wavivu ndani ya miaka 12 tu, tena wanawake (asilimia 34) kuliko wanaume (29). Mama anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho nyumbani kwake atakutazama tu. Kinachomnyima mazoezi anakijua, na si uvivu.

Madhara yenyewe hayana ubishi mkubwa: maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili, saratani ya matiti na ya utumbo mpana. Ubishi uko kwenye chanzo, nao ni wa siku nyingi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya jiji hilo. Dereva anakaa zamu nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Ikaonekana makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache zaidi, na yalipowapata yalichelewa.

Wengi hulisimulia tukio hili na kuishia hapo. Mimi nalipendea kilichofuata. Mwaka 1956 Morris alirudi na vipimo vya sare za wafanyakazi hao, akakuta suruali za madereva zina viuno vipana kuliko za makondakta, hata kwa walio vijana. Basi swali likageuka: je, kiti ndicho kilichowanenepesha, au wenye miili mizito ndio waliokimbilia usukani? Tafiti nyingi za baadaye, zilizozingatia unene, sigara na umri, bado zimeona kwamba mwili usioshughulishwa huugua zaidi. Lakini somo la ile suruali halijachakaa. Mara nyingi mtu hakai kwa sababu ni mgonjwa wa uvivu. Hukaa kwa sababu kuna mahali alipowekwa, au alipojiweka, na mahali hapo pana kiti.

Walio upande wa pili, wanaosema jukumu ni la mtu binafsi, wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Kiwango kinachoshauriwa ni dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, mfano kutembea kwa haraka. Hiyo ni kama dakika 22 kwa siku. Zamani iliaminika kwamba lazima zifuatane angalau dakika kumi kumi ndipo zihesabiwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo, kwa hiyo hata dakika mbili mbili zinaingia. (Zile hatua 10,000 zinazowatesa watu, kwa taarifa yako, zilienea kutokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Hazikutoka maabara.) Anayeperuzi simu kwa muda wa saa mbili kila usiku hawezi kuniambia hana dakika 22. Tena kusubiri mamlaka zijenge njia za waenda kwa miguu ni kuuweka rehani mwili wako kwa bajeti ya mtu mwingine.

Naikubali hoja hii, lakini kwa anayemiliki muda wake tu. Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen. Waliojishughulisha wakati wa mapumziko walipungukiwa na hatari ya kufa mapema. Waliotumia nguvu nyingi kazini, kubeba na kuinua, hatari yao ilipanda. Wapo wanaosema hapo ni umaskini unaojificha nyuma ya jasho, ingawa watafiti walijaribu kuuondoa kwenye hesabu. Maelezo mengine ni mepesi kueleweka: mbeba mizigo hachagui lini apumzike, na moyo wake hukimbia saa nane mfululizo, siku baada ya siku. Kumwambia huyu aende gym jioni ni dharau. Kinachomfaa ni mapumziko katikati ya zamu, na hilo liko mikononi mwa mwajiri.

Ndiyo maana kampeni za kuhamasisha peke yake hazinishawishi. Zinamfikia mwenye viatu vya kukimbilia tayari. Njia salama ya miguu, taa barabarani, kituo cha basi kinachokulazimu utembee kidogo, hivi vinamfikia hata asiyewahi kusikia semina. Vina gharama, na havipigwi picha vizuri siku ya uzinduzi.

Juzi niliuliza kuhusu ile balbu. Nikaambiwa hakuna anayepita kule. Mimi hupita kila asubuhi, kwa tochi ya simu, na kweli sijakutana na mtu.