Usanisinuru na upumuaji wa seli vifundishwe pamoja

Muulize mwanafunzi tofauti ya usanisinuru (mmea kutengeneza chakula kwa mwanga) na upumuaji wa seli (seli kutoa nishati kwenye chakula), atakuandikia milinganyo miwili, wa pili ukiwa wa kwanza uliogeuzwa. Atapewa alama zote. Kwangu mimi hapo ndipo tunapompoteza, maana milinganyo hiyo inataja kinachoingia na kinachotoka, kazi yenyewe haionekani.

Na kazi yenyewe, kwenye kloroplasti (sehemu ya seli ya mmea panapofanyika usanisinuru) na kwenye mitokondria (sehemu ya seli panapofanyika sehemu kubwa ya upumuaji), inafanana mno. Elektroni hupokezanwa na protini zilizopangwa kwenye utando. Kadiri elektroni inavyoshuka kiwango cha nishati, nishati inayoachia husukuma protoni (chembe za hidrojeni zenye chaji chanya) zikarundikana upande mmoja. Protoni hizo hurudi kwa kupitia kimeng'enya kinachounda ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, nacho huzunguka. Nasema huzunguka kwa maana halisi ya neno: mwaka 1997 watafiti wa Japani walibandika uzi wa protini unaong'aa kwenye sehemu ya kimeng'enya hicho, wakakipa ATP ili kifanye kazi kinyume, wakauona uzi ukizunguka chini ya hadubini.

Mwanabiokemia Peter Mitchell alitoa hoja kwamba protoni ndizo zinazoendesha uundaji wa ATP mwaka 1961, na wengi hawakuikubali. Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la watafiti Jagendorf na Uribe, la mwaka 1966. Walichukua tando za kloroplasti za spinachi, wakaziloweka gizani kwenye asidi ya pH 4, kisha wakazihamishia ghafla kwenye pH 8 penye ADP na fosfeti, malighafi za ATP. ATP ikaundwa, bila mwanga wowote! Kumbe kimeng'enya kinachohitaji ni tofauti ya protoni tu, iwe imeletwa na jua, na chakula au na asidi ya maabara. Mitchell alipata Nobel ya kemia mwaka 1978.

Tofauti zipo, ila zifuate baadaye. Kwenye jani elektroni hutolewa kwenye maji, mwanga huipandisha kiwango cha nishati kwa hatua mbili, ikaishia kwa NADP, molekuli inayoipokea. Kwenye mitokondria hutoka kwenye chakula, huletwa zaidi na NADH, molekuli inayobeba elektroni, na mpokeaji wa mwisho ni oksijeni, ambayo hugeuka kuwa maji.

Sianidi huizuia ile protini ya mwisho inayoikabidhi oksijeni elektroni. Mnyororo wote unakwama, protoni hazisukumwi, na mtu anakufa ilhali damu yake ina oksijeni tele. Mwenye milinganyo peke yake ataelezaje kifo hicho?